Chakula cha Aksolotli: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Porini aksolotli hula nini?

Aksolotli ni amfibia, aina ya salamanda anayeishi majini maisha yake yote. Kwao ni Xochimilco, kwenye mifereji na mabaki ya ziwa kusini mwa Jiji la Mexico. Huko hula minyoo, mabuu ya wadudu, konokono wadogo, kamba wa maji baridi na visamaki. Hana meno ya kutafuna. Anachofanya ni kufungua mdomo ghafla, maji yakaingia kwa kasi pamoja na windo, kisha akameza zima. Ukilikumbuka hilo moja, sehemu kubwa ya ushauri ulio hapa chini utaielewa bila kuikariri: kilicho kigumu hakitafunwi, kilicho kipana hukwama, na kilicho karibu na chakula, hata kama ni kokoto, huingia nacho.

Mmoja wa maadui zake wakubwa huko kwao ni tilapia, jamaa ya sato na ngege wa Ziwa Victoria. Walipandikizwa pamoja na samaki aitwaye kapu (carp) kwa ajili ya kitoweo, wakaanza kula mayai yake na kumnyang'anya chakula.

Chakula kikuu kiwe nini?

Nyungunyungu. Ana protini nyingi, mafuta kidogo na kalsiamu ya kutosha, ni laini mwili mzima, na anajinyonganyonga kiasi cha kumwamsha hata aksolotli mvivu. Kwake nyungunyungu ni ugali na mboga katika sahani moja. Aksolotli mzima anayekula nyungunyungu safi peke yao atakuwa na afya kuliko anayepewa vitu kumi tofauti ambavyo hakuna hata kimoja kilichokamilika.

Tunalisema hili mapema kwa sababu wafugaji wengi husikia "chakula mchanganyiko" wakadhani ni kubadilisha kila siku. Sivyo. Mchanganyiko mzuri ni nyungunyungu kwa milo mitatu kati ya minne, na huo wa nne ndio unaobadilishwa.

Aina zote za nyungunyungu ni sawa?

Hapana. Kuna tatu utakazokutana nazo sana.

Nyungunyungu mkubwa wa Ulaya, *Lumbricus terrestris*, ndiye huuzwa kama chambo Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Ni mnene, hivyo hufaa aksolotli wa sentimita 18 kwenda juu, na mara nyingi hulazimu kumkata. Hukaa vizuri kwenye friji, nyuzi 4 hadi 10, kwa wiki kadhaa.

*Eisenia hortensis* ni mwembamba zaidi, huwa na urefu wa sentimita 6 hadi 10, na ladha yake haina matatizo. Ukiweza kumpata, chukua huyu. Hufaa karibu kila umri baada ya utotoni.

*Eisenia fetida* ni yule mwekundu mwenye mistari ya manjano, anayetumika kutengenezea mboji. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki ndiye rahisi zaidi kupatikana, maana wakulima wanaofuga nyungunyungu kwa ajili ya mbolea wanaye. Lishe yake ni nzuri. Tatizo ni ladha.

Wangu anamvuta nyungunyungu mwekundu, kisha anamtema. Kwa nini?

*Eisenia fetida* akibanwa hutoa majimaji ya njano yenye harufu na uchungu, ndiyo kinga yake. Aksolotli anamvuta, anaonja, anamtema, na safari ya pili hasogei kabisa.

Jaribu hivi. Chemsha maji, yaache yapoe dakika moja au mbili, mtumbukize nyungunyungu kwa sekunde tano tu, kisha msuuze kwa maji baridi yasiyo na klorini. Majimaji mengi yatakuwa yametoka. Mkate vipande vya sentimita 2 au 3, suuza tena, halafu mpe kwa kibano huku ukikitikisa kipande, kwa sababu sasa hakijitikisi chenyewe. Wengine hukubali siku hiyo hiyo, wengine hukataa maisha yao yote. Akikataa mara nne au tano, mbadilishie aina. Kumshindisha njaa hadi akubali si njia nzuri kwa mdogo anayekua.

Naweza kuchimba nyungunyungu bustanini?

Unaweza, ikiwa una uhakika wa udongo. Usichimbe penye mboga zinazopigwa dawa, nyasi zinazotiwa mbolea ya dukani, kando ya barabara au karibu na shimo la choo. Nyungunyungu hula udongo, na sumu iliyomo humo hubaki mwilini mwake. Bustani ya jirani usiyejua anapuliza nini, iache.

Wakishachimbwa, waweke kwenye kopo lenye karatasi au katoni mbichi isiyo na wino mwingi kwa saa 24 ili watoe udongo tumboni. Wasuuze kabla ya kuwapa. Tumbo lililojaa udongo huchafua maji zaidi ya unavyofikiri.

Wanaonunua chambo wakague rangi: kuna nyungunyungu wa kuvulia waliotiwa rangi ya kijani ili samaki wawaone. Hao si wa kulisha.

Nitawafugaje nyumbani?

Ndoo ya plastiki ya lita 20 inatosha aksolotli wawili. Toboa matundu ya milimita 3 kwenye kifuniko na machache kwenye kitako, na chini yake weka sinia la kupokea maji. Jaza theluthi mbili kwa katoni iliyochanwachanwa na kuloweshwa, ukiiminya hadi ibaki na unyevunyevu bila kudondosha maji. Ongeza viganja viwili vya udongo safi: nyungunyungu anahitaji chembe za kusagia chakula tumboni.

Anza na gramu 250 hadi 500 za nyungunyungu. Walishe maganda ya viazi, karoti, tikiti, majani ya sukuma wiki, na maganda ya mayai yaliyosagwa. Vitunguu, limau, machungwa, pilipili, chakula chenye chumvi au mafuta, na mabaki ya nyama, hapana. Chakula kizike chini ya katoni, vinginevyo nzi watahamia.

Ndoo ikinuka vibaya, una chakula kingi au maji mengi. Ongeza katoni kavu na usiwape kitu kwa wiki. Nyungunyungu wakipanda kwenye kifuniko kwa wingi, hali ya ndani imewashinda, mara nyingi kwa joto au uchachu. Wale wekundu huvumilia nyuzi 15 hadi 25, na friji huwadhuru.

Wiki ya aksolotli mzima inakuwaje?

Mfano wa aksolotli wa sentimita 22: Jumatatu nyungunyungu mmoja wa sentimita 8 hadi 10. Alhamisi hivyo hivyo. Jumamosi, wiki moja punje za chakula cha dukani zinazozama, wiki inayofuata nyungunyungu tena, na mara moja kwa mwezi kipande cha kamba mbichi au minyoo ya damu iliyogandishwa. Hakuna cha zaidi.

Minyoo ya damu inatosha kuwa chakula kikuu?

Haitoshi. Inaitwa minyoo lakini ni mabuu mekundu ya usubi wasiouma, na sehemu kubwa ya kile kipande kilichoganda ni maji. Aksolotli wa sentimita 5 hadi 10 hukua nayo vizuri kwa muda. Mzima akiitegemea hukonda polepole, na kwa kuwa anakula kila siku, mfugaji hushangaa.

Usitupe kipande cha barafu kwenye tangi. Kiyeyushe kwenye kikombe chenye maji ya tangi, kimwage kwenye chujio la chai, yale maji mekundu yapotee kwenye sinki, kisha weka mabuu kwenye bakuli dogo la kioo lililolala chini ya tangi. Bila bakuli yatasambaa, nusu yake itaozea chini ya mawe, na kipimo cha amonia, sumu inayotokana na uchafu unaooza majini, kitakueleza kesho yake.

Kingine: ladha yake inapendwa kupita kiasi. Aliyezoea kupewa hii kila siku hukataa vingine.

Na chakula cha punje?

Chagua punje laini zinazozama, za samaki au amfibia wala nyama, zenye protini ya asilimia 40 na zaidi, viambato vya kwanza vikiwa samaki, kamba au wadudu. Zikianza na ngano au soya, ziache dukani. Zinazoelea hazifai, akifuata chakula juu humeza hewa, kisha ashindwe kukaa chini.

Loweka punje kwa dakika moja au mbili ili zisivimbie tumboni. Mzima hutosheka na punje 5 hadi 10 za milimita 5 kwa mlo. Pakiti ikishafunguliwa, ihifadhi penye ukavu na giza na uimalize ndani ya miezi michache, kwa maana mafuta huharibika na vitamini hupungua. Punje ni akiba nzuri kwa wiki ambayo nyungunyungu wameadimika.

Kamba, uduvi au dagaa wa sokoni?

Kamba mbichi asiye na chumvi wala viungo, aliyemenywa ganda na kutolewa ule uzi mweusi wa mgongoni, anafaa mara moja moja. Kipande cha sentimita 1 kinatosha.

Uduvi mkavu na dagaa wakavu wasiingie kwenye tangi. Hukaushwa na chumvi au juu ya mchanga, na wakishakauka huwa na miiba na maganda yanayochoma.

Samaki hai?

Tunashauri usiwape. Goldfish wana thiaminesi, kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na akilishwa hao mara kwa mara aksolotli hupata upungufu unaogusa neva. Samaki wa bei rahisi wa kulishia huja na vimelea na ukungu. Halafu kuna jambo ambalo watu hugundua wakiwa wamechelewa: samaki asipoliwa, yeye ndiye hula. Matamvua ya aksolotli yanapepea kama chakula, na samaki wataonja.

Guppy waliozaliwa kwenye tangi lako mwenyewe, au waliotengwa siku 30 bila ugonjwa, ndio pekee tunaoweza kuwakubali, na bado ni kwa nadra. Samaki wenye miiba migumu ya mapezi, jamaa ya kambale wadogo wa mapambo, hukwama kooni na kuua.

Moyo wa ng'ombe, ini, kuku?

Vitabu vya zamani vilivitaja, na kuna maabara zilizolisha hivyo. Mafuta ya mnyama wa damu moto hayasagiki vizuri kwenye mwili wenye nyuzi 17, na nyama tupu haina kalsiamu ya kutosha. Moyo uliotolewa mafuta yote, kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi, unaweza kuokoa siku moja usipokuwa na kingine.

Funza wa unga, mende, panzi, mabuu ya nzi mweusi?

Funza wa unga ana gamba gumu. Mara nyingi hupita tumboni mzima au kubaki humo. Panzi na mende vivyo hivyo. Mabuu ya nzi mweusi, yale wanayolishwa kuku na samaki wa kufugwa, yana kalsiamu nyingi lakini ngozi yake ni ngumu na mafuta ni mengi. Ukitaka kumpa, kata vipande na usizidishe mara moja kwa mwezi.

Viluwiluwi vya mbu?

Ni chakula kizuri kwa wadogo wa sentimita 2 hadi 6: vinacheza, ni laini, na ni bure. Masharti ni mawili. Maji yasiwe ya mtaro wala yaliyotiwa dawa ya kuua mazalia, na usiweke vingi kuliko vitakavyoliwa ndani ya saa moja. Vilivyobaki vitakuwa mbu, na kwenye nyumba ya pwani au ya kando ya ziwa hutaki kuwa unafuga malaria sebuleni. Chota kwa chujio, suuza, hesabu, kisha mimina.

Viluwiluwi vya vyura ni habari nyingine: vingine vina sumu, na vinaweza kubeba ukungu wa kitridi unaoua amfibia. Usivitumie.

Alishwe mara ngapi?

Hadi sentimita 7, mara mbili kwa siku. Sentimita 7 hadi 15, mara moja kila siku. Kati ya 15 na 20, siku moja ukimpa, moja ukimpumzisha. Akipita 20 na kufikisha mwaka au zaidi, mara mbili au tatu kwa wiki.

Kipimo cha kweli ni umbo lake. Mtazame kutoka juu: tumbo liwe na upana sawa na kichwa. Likizidi kichwa kwa uwazi wiki nzima, punguza mlo mmoja. Likiwa jembamba na mifupa ya nyonga inaonekana, ongeza. Jike lenye mayai hunenepa ubavuni, usimchukulie kama mlafi.

Upana wa kila kipande usizidi nafasi iliyo kati ya macho yake.

Namna ya kumpa ipi ni bora?

Jioni, taa ikiwa imezimwa au hafifu, kwa sababu macho yake hayapendi mwanga. Shika chakula kwa kibano cha mbao, plastiki au chenye ncha za mpira. Cha chuma chenye ncha kali kitaumiza mdomo akirukia. Kisogeze sentimita 2 mbele ya pua, kidogo upande mmoja, ukikitikisa taratibu. Haoni vizuri, hutegemea harufu na mtikisiko wa maji. Ukikigusisha kichwani atarudi nyuma kwa woga.

Baada ya dakika 20, mabaki yote yatoke. Bomba la sindano la mililita 60 lililotolewa sindano hufanya kazi hiyo vizuri. Kipande kimoja kilichosahaulika nyuma ya kichujio kinaweza kupandisha amonia usiku huo.

Wakiwa wawili, wape kila mmoja pembe yake. Harufu ya chakula ikijaa majini, mguu wa mwenzake ni windo kama windo lingine. Mguu utaota tena, lakini kidonda kwenye maji machafu huoza.

Vitoto vilivyotoka kwenye yai vinakula nini?

Siku 2 au 3 za kwanza hula kiini walichobaki nacho tumboni, hivyo usiwape kitu. Baada ya hapo wanahitaji chakula hai na kidogo sana, kisichotembea hawakioni. Atemia (vijidudu vya maji ya chumvi, jamaa ya kamba) waliototolewa siku hiyo ndio kawaida, dafnia (viroboto vya maji) wadogo wanafuata.

Kuangua atemia: chupa inayozidi lita moja, iliyokatwa kitako na kugeuzwa kichwa chini, maji lita 1, chumvi isiyo na madini joto gramu 25, mayai ya atemia nusu kijiko cha chai, pampu ya hewa ikitoa mapovu makubwa, taa karibu, maji nyuzi 26 hadi 28. Baada ya saa 24 hadi 36 zima hewa kwa dakika 10. Maganda yatapanda juu, atemia wa rangi ya chungwa watakusanyika chini. Wavute kwa mrija, wachuje kwenye kitambaa chembamba, wasuuze kwa maji baridi, uwape papo hapo: kadiri saa zinavyopita wanakula akiba yao na lishe inapungua. Kwenye maji yasiyo na chumvi hufa baada ya saa chache, kwa hiyo maji ya vitoto yabadilishwe kila siku, angalau nusu.

Miguu ya mbele huonekana karibu na sentimita 2. Kuanzia hapo waanzishie minyoo ya damu iliyokatwa, kisha vipande vya nyungunyungu vya milimita 3. Kipindi hiki ndicho cha kung'atana kuliko vyote. Dawa yake ni chakula cha kutosha na nafasi. Panga kwa ukubwa, na wale wakubwa watenge.

Joto linahusianaje na kula?

Sana. Anakula na kusaga vizuri kwenye nyuzi 16 hadi 18. Zikipita 20 mwili wake huenda mbio, anadai chakula zaidi huku maji yakibeba oksijeni kidogo. Kuanzia 24 wengi huacha kula.

Dar es Salaam, Mombasa au Muscat tangi lisilo na mashine ya kupoza maji hukaa nyuzi 27 au zaidi sehemu kubwa ya mwaka. Feni juu ya tangi hupoza kwa kuvukiza maji, na hewa ya pwani ina unyevu mwingi, kwa hiyo haifiki mbali. Hapo tatizo la chakula haliponi kwa kubadilisha chakula.

Amekataa kula. Nianze wapi?

Pima maji kwanza. Amonia na nitriti ziwe 0, nitrati chini ya miligramu 20 kwa lita, joto kama tulivyosema. Kama amonia ipo, badilisha maji nusu leo na tena kesho, ukitumia maji yaliyotolewa klorini na yenye joto linalolingana. Kisha jiulize kama amehamishwa tangi wiki hii, kama ameshiba, na lini mara ya mwisho amepata choo. Mzima hutoa donge la kahawia kila baada ya siku 2 hadi 4.

Mzima mwenye mwili mzuri anaweza kukaa wiki mbili bila kula na asidhurike. Mdogo wa chini ya sentimita 10 asipitishe siku tatu bila kula. Ncha ya mkia iliyojikunja, matamvua yaliyopindia mbele au utando mweupe kama pamba ni dalili za kumtafuta daktari wa mifugo anayejua amfibia.

Anaelea na tumbo limejaa. Je, amekula mawe?

Kama tangi lina changarawe, inawezekana kabisa. Humeza kila kinachoingia mdomoni, na ukubwa hatari ni ule kati ya mchanga na kichwa chake. Iondoe yote leo. Chini ya tangi pabaki patupu, au mchanga laini usiozidi milimita 1 kwa walio na zaidi ya sentimita 15.

Acha kumlisha, shusha joto polepole hadi nyuzi 14 au 15, na usubiri choo. Usimkamue tumbo. Kipande kigumu kinachoshikika kwa kidole, au siku tano bila mabadiliko, ni kazi ya daktari na picha ya eksirei.

Aongezewe vitamini?

Anayekula nyungunyungu, hapana. Unga wa kalsiamu huoshwa na maji kabla hajafungua mdomo. Iodini usiiongeze kamwe: inaweza kuanzisha mageuzi, akapoteza matamvua na kuwa salamanda wa nchi kavu, na wengi wanaogeuka hivyo huishi muda mfupi.

Nikisafiri?

Mzima: siku 7 bila chakula ni salama, mpe mlo wa kawaida jioni kabla ya kuondoka. Vile vitofali vya chakula cha likizo vichafue tangi la mtu mwingine. Safari ikizidi hapo, andaa nyungunyungu waliohesabiwa kwenye vikopo vyenye tarehe, mwachie jirani kibano na chujio, na umwambie mabaki yatolewe hata kama ni kidogo.